Kutu Itoke, Pua Ibaki

Kewanja, jioni ya kuamkia safari yako

Marwa mwanangu,

Kwa niaba yangu mwenyewe, na kwa niaba ya mashuka, sketi yangu ya kanisani na mashati yote ya baba yako, napenda kuutangazia ukoo wetu, walioko hapa na walioko ng'ambo ya mpaka, kwamba kuanzia leo alasiri kamba ya kuanikia nguo imerejea rasmi chini ya mamlaka ya mama wa nyumba hii. Hakuna rimu inayoning'inia juu yake. Hakuna bampa. Hakuna lile jani la springi lililokaa pale tangu msimu wa kupanda likisubiri rangi, likiwapaka watu wa Mungu kutu mabegani. Nguo zimeanikwa, zimekauka, na zimeingia ndani zikiwa na rangi ileile zilizotoka nayo. Sherehe ilikuwa fupi. Mgeni rasmi alikuwa mbuzi.

Sasa nimekaa niandike.

Sitakuambia ule kwa wakati, wala ufue soksi. Wewe ni mtu mzima, na soksi zako zikinuka watakuambia wenyewe watu wa Ikoma. Nataka kukuandikia juu ya pua yako. Najua umeshakunja uso. Ukunjue. Tangu uilete ile bunduki ya kupulizia mchanga hapa nyumbani, mimi na wewe hatujawahi kuzungumza juu ya pua yako bila mmoja wetu kuondoka amesusa, na mara nyingi anayesusa ni mimi. Kwenye karatasi angalau nitaimaliza sentensi.

Kesho unakwenda Ikoma, kwenye ile gereji ya magari ya watalii, kazi uliyotafutiwa na baba yako mdogo Chacha. Umeitangazia Kewanja nzima kwamba wamekuita kwa sababu ya mkono wako wa kutoa kutu. Huko, umesema, kuna kompresa kubwa kama ndama, na chesisi zimepangwa zinakungoja. Wenzako wanakupongeza na mimi natabasamu nao, lakini nahesabu siku. Hapa nyumbani ulikuwa unapiga mchanga siku mojamoja, mteja akitokea na upepo ukikubali. Huko utapiga kutwa, kwa mshahara, mwaka hadi mwaka. Na utapiga pua wazi, kwa sababu ya ujinga ambao mimi nina hisa kubwa ndani yake. Hizo hisa ndizo ninazotaka kukuonyesha.

Nianze mwanzo, maana wewe unaukumbuka mwanzo wa kishujaa na mimi naukumbuka wa kweli. Ulitoka Sirari na kitu ndani ya mfuko wa salfeti. Ukakitoa mbele ya baba yako kama mtu anayetoa mahari: kikombe juu, mdomo mbele, mpini kama wa bastola. Baba yako alikitazama kwa muda, akauliza kama kinahitaji kibali cha polisi. Ukaeleza kwamba mchanga unawekwa kwenye kikombe, upepo wa kompresa unausukuma, mchanga unakwenda kugonga chuma, kutu inaruka. Mimi nikasema hiyo kazi upepo wa Agosti unaifanya hapa kila mwaka na hakuna anayeulipa. Hukucheka. Ulikuwa umeshaikopa kompresa ya yule kijana wa kuziba pancha, na ulikuwa umeshaahidi rimu za watu.

Mchanga wa kwanza ulikuwa wa mtoni, na ulikuwa na unyevu. Bunduki ikakohoa mara moja ikaziba. Ukaifungua, ukaisafisha, ikaziba tena. Ukaitukana kwa Kikurya, ikaziba vilevile. Nikakuonea huruma, mjinga mimi. Nikachukua lile karai langu la kukaangia karanga, nikalibandika jikoni, nikakukaangia mchanga. Mama Ghati wa nyumba ya pili alipita akanikuta nimechuchumaa, nakoroga mchanga kwa mwiko, naupepeta, nauonja kwa vidole kama umekauka. Alinisalimu kwa upole ambao hana siku nyingine, akaondoka. Kabla ya jua kuzama mtu asiyejulikana alikuwa ameacha sado ya mahindi mlangoni kwetu. Mpaka leo sijajua nimrudishie nani.

Kukaanga mchanga kunachosha, kwa hiyo nikajiona nina akili. Nikawaza, hapa kwetu mchanga uliokauka, uliosagwa, mkali kama wembe, umejaa vilima na hakuna anayeutaka. Yale marudio. Mawe yameshapita kwenye karasha, ile mashine ya kusagia, dhahabu imeshatolewa, unabaki mchanga ule wa kijivu. Nikaenda na ndoo. Mimi mwenyewe, Marwa, si wewe, nikajitwisha. Na kazi ilikwenda, nisiseme uongo. Rimu ya kwanza uliyoipiga kwa marudio ilitoka nyeupe kama jino la mtoto. Ulinishika bega ukasema, "Mama, wewe ni fundi." Nilifurahi wiki nzima. Watu wakaja kuangalia, na kwa kuwa hapa ni Kewanja, kesho yake ikaenea habari kwamba ile familia imepata njia ya kutoa dhahabu iliyobaki kwenye marudio kwa kuipiga kwenye vyuma. Wakaja vijana wakajitolea kutufagilia uwanja. Uwanja wetu haujawahi kufagiliwa vile, na hautafagiliwa tena.

Siku hizo ndipo alipokuja mjomba wako Mwita. Wewe unamjua mjomba aliyezeeka. Mimi ni dada yake, namjua kijana aliyekuwa anabeba gunia la mawe begani huku anaimba, akauacha ujana wake wote kwenye karasha. Alikuja kuomba dawa ya ng'ombe. Akaona lile lundo la kijivu kando ya zizi. Akachutama, akachukua ule mchanga kidogo, akausugua kwa vidole, akaachia, akafuta mkono kwenye nyasi. Akakohoa kwanza, maana siku hizi hata kusema analipia.

"Dada," akaniambia, "huu umesagwa mpaka ukawa moshi. Na una zebaki. Utoe hapa."

Nikamwambia basi tutarudi kwenye ule wa mtoni. Akatikisa kichwa. Akasema hata wa mtoni ukigonga chuma unapasuka, unakuwa moshi uleule, unaingia kifuani na hautafuti mlango wa kutokea. Kisha akakugeukia wewe, akakwambia kitu ambacho nadhani hukukisahau, kwa sababu uliinama. "Mura, kijana wangu, mimi nimeogopa vitu vichache. Huo mchanga ulistahili kuwa mmoja wao."

Alipoondoka tuliyafukia marudio kwenye shimo. Na wewe, bila kuambiwa, uliingia ndani ukachukua kitambaa changu cha kichwa, ukakilowesha, ukakifunga puani na mdomoni, ukaenda kuwasha kompresa. Ulikuwa umeelewa. Umri ule, mtu akielewa kitu mara moja bila kupigiwa kelele, ni neema. Na mimi mama yako nilifanya nini? Mama Ghati alikuwa amekaa hapo anachambua mboga, nami nikaona nafasi ya kuchekesha. Nikasema, "Jamani, bibi harusi anatoka lini?"

Mama Ghati akapiga kigelegele. Wateja wako wawili, wale wa bodaboda, wakashikana kwa kicheko. Wewe ukakifungua kile kitambaa, ukakikamua, ukakikunja vizuri, ukanirudishia mkononi. Ungekitupa chini ningekugombeza tukamaliza. Ulikikunja.

Nimewaambia watu wengi kwamba kijana wangu ni mbishi. Sijawaambia ubishi wenyewe ulianza mchana gani.

Na si hilo tu. Nilishaucheza mchezo huo kabla hujazaliwa. Mjomba wako naye alikuwa na kitambaa. Kipande cha kanga, alikuwa anakilowesha asubuhi anakifunga kabla karasha halijaanza kunguruma. Nilikuwa nampelekea chakula. Wanawake waliokuwa wanachambua mawe walikuwa wanamtania, wanamwita mwari, wanamuuliza nani amemtolea ng'ombe. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu dada asipocheka wataona na yeye imemuuma. Akakiacha. Sasa hivi akitoka kisimani kwenda kwake anakaa chini mara kadhaa njiani, anajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake ni vya matairi, havina kamba.

Kosa moja, kwa watu wawili ninaowapenda, na mara zote mbili utani wangu ulipokelewa vizuri sana.

Kuanzia hapo ukawa huambiliki. Nikikwambia miwani, unasema wewe hukupepesa macho mbele ya kisu, utapepesa mbele ya mchanga? Sasa nikujibu, kwa kuwa hapa huwezi kuondoka. Siku ya tohara yako nilisimama na wanawake wenzangu, nikaona ulivyosimama, na kigelegele nilichopiga siku ile kilinikausha koo mpaka Jumapili. Sikiondoi. Lakini kisu kilikuja mara moja kikaenda zake. Mchanga unarudi kila asubuhi na unakukuta palepale. Na wale wazee waliokutaka usipepese macho, wao wenyewe wakipita uwanjani kwetu ukiwa unapiga rimu wanafunika uso kwa koti, wanapita upande wa upepo. Niliwaangalia. Mimi huwa naangalia.

Ulipokwenda Tarime mjini kutafuta mipira ya kompresa, niliiwasha mwenyewe. Hukujua. Ile sufuria niliyokuambia imeibiwa haikuibiwa. Nilikuwa na sufuria imeungua ugali wa juzi, na nilikuwa nina hasira na baba yako kwa jambo lake, nikasema nijaribu. Nikaisogeza bunduki karibu, nikaishikilia mahali pamoja, nikabana meno. Masizi yalitoka. Na sufuria ikatoka pia, yaani nilikuwa naona nyasi kupitia kwake. Nilijifunza jambo ambalo wewe unalifanya kwa mkono bila kulisema: chuma unakisimamia mbali kidogo, na mkono hautulii. Ukikiandama mahali pamoja kwa hasira, huondoi kutu, unatoboa. Nilikaa chini na ile sufuria nikakumbuka ninavyokusemesha asubuhi. Nikaichukua nikaizika na marudio.

Lakini kilichonitisha si sufuria. Jioni nilipenga kamasi, zikatoka rangi ya rimu. Kwa sufuria moja, Marwa. Nikapiga hesabu ya rimu zako zote nikaiacha katikati.

Ndipo nikapata lile wazo la helmeti. Niliwaza hivi: mwanaume wa hapa kitambaa hatavaa, lakini helmeti ya pikipiki atavaa hata kwenye harusi. Nikaomba ile kuukuu kwa mtoto wa Mama Ghati, nikashonea kitenge kizito kuzunguka shingo ili vumbi lisipande, nikakuletea nikasema nimeiokota. Ukaivaa. Hakuna aliyekucheka. Mmoja wa bodaboda akasema unafanana na rubani, na nikakuona unasimama wima zaidi. Nilikwenda jikoni nikacheza peke yangu.

Furaha yangu ilidumu mpaka kile kioo kilipoanza kupata ukungu. Mchanga unaoruka unakwaruza kioo kidogokidogo, na wewe ukaendelea kupiga bila kuona. Ndipo ukaletewa pikipiki ya yule bwana wa kuuza vitunguu, ukaipiga fremu yote, ikang'aa, ukaipaka rangi, akailipia akasifu. Na pale shingoni mwa fremu, mahali ilipogongwa namba ya chesisi, ambapo fundi mwenye macho huweka mkanda mzito kabla ya kupiga, hukuweka kitu. Kutu ilikuwa imeshaila nusu. Mchanga ukamalizia iliyobaki, na rangi ikafunika kaburi.

Pikipiki isiyo na namba ya chesisi, kwenye barabara ya kwenda Sirari, mpakani. Mtu angetafuta mahali pabaya zaidi pa kuipeleka angekosa. Polisi walimsimamisha, wakainama, wakapapasa, wakamtazama. Alikaa pale na vitunguu vyake mpaka vikaanza kuota. Alipoachiwa alikuja moja kwa moja hapa, na hakupiga kelele, alikaa kwenye benchi akaomba maji.

"Marwa," akasema, "umenisafishia pikipiki mpaka haina mama wala baba."

Baba yako, ambaye husema mara moja kwa wiki, akachagua siku hiyo. "Sasa ni mtoto wa kuokota," akasema, akaenda kufungua ng'ombe.

Tulizunguka na yule bwana kumtafuta aliyemuuzia, kuonyesha kadi, kuapa. Iliisha. Lakini kwetu haikuisha, maana tangu siku ile umepata hoja, na hoja ya kweli: helmeti ya mama ndiyo iliyofuta namba. Ukaitundika kwa kuku. Leo kuku anataga humo na anailinda kwa ukali. Ukarudi kupiga mchanga uso wazi, macho umeyafinya, pua inapokea kila kitu kama ofisi ya mapokezi, na mimi kila nikifungua mdomo unasema, "Mama, vitunguu," na mazungumzo yanaishia hapo.

Nimechoka, mwanangu. Ningekuambia kwa herufi kubwa kama ningejua kuziandika vizuri. Nimechoka kutafuna ugali unaolia mchanga. Nimechoka kuwaambia wageni kwamba ni ulezi wa aina mpya. Nimechoka kukusikia asubuhi unakohoa kidogo kisha unajifanya ulikuwa unaita mbwa. Mbwa mwenyewe ameshaacha kuja.

Sina hekima ya kukupa. Ninachojua ni kwamba kicheko cha watu hakidumu. Wale waliomcheka mjomba wako, wengine wamekufa, wengine wamehamia Mbalibali wanalima, hakuna hata mmoja anayekumbuka alisema nini. Kifua chake ndicho kinachokumbuka. Na mimi. Ukifika huko ukamkuta mama mwingine amekaa na mboga zake ana utani mdomoni, mwache acheke. Mimi nilikuwa yeye, na nakuhakikishia tulikuwa hatuna jambo lingine la kufanya mchana huo.

Chini ya mashati yako, ndani ya begi, kuna barakoa. Si ya kitambaa. Ni ile ya mpira mweusi yenye vikombe viwili vya kuchuja pembeni, na miwani yake ya kufunga kwa mkanda. Dukani walikuwa na nyingine laini zaidi, nzuri kwa mashavu, nikaiacha kwa sababu ilikuwa ya rangi ya waridi. Hii ukiivaa unaonekana kama askari anayekwenda kufukuza watu. Nilimvalisha mwenye duka nikarudi nyuma nikatazama. Hakuna mwanamke atakayekuita bibi harusi. Nilihakikisha, maana nilijaribu kumtania na utani haukuja.

Kile kitambaa cha kichwa sijakiweka. Nilikishika, nikakirudisha. Usingekivaa, nami nisingekulaumu.

Nenda salama. Ukipiga, simama mbali kidogo, na mkono usitulie.

Ni mimi, mama yako, Bhoke.

Nimeifungua tena bahasha. Yule mwenye duka alisema vichujio vya barakoa huchoka, lazima vibadilishwe, na hapa hana vingine. Nikaona nimpigie baba yako mdogo nimuulize kama huko gereji wanavyo, au nikutafutie Tarime mjini. Akaniuliza vichujio vya nini. Nikamwambia vya mchanga, wa kutolea kutu kwenye chesisi. Akaniuliza mchanga gani.

"Shemeji," akasema, "hapa hatupigi mchanga. Chuma kikioza wanaagiza kingine. Marwa anakuja kuosha magari."